Besiboli na majanichai: Kilo zinazoonekana na hesabu zinazojificha

MKULIMA wa Litein, Kapkatet au Mogogosiek anapofikisha kikapu chake katika kituo cha kununulia majanichai, karani huyakagua majani kwa haraka, huyaweka kwenye mizani, kisha humwandikia risiti ya kilo. Nambari hiyo ndiyo itakayomfuata hadi mwisho wa mwezi, na baadaye hadi siku ya bonasi. Karani ana ruhusa ya kuyakataa majani yaliyokomaa au yaliyonyauka, lakini yakishapita mizani, kilo ni kilo. Aliyechuma majani mawili na chipukizi kwa uangalifu, na aliyeparura shina hadi kwenye majani magumu, wote huandikiwa sawa.

Tatizo la kupima kitu kimoja na kuacha kingine chenye thamani si la wakulima wa Kericho na Bomet pekee. Mahali lilikochunguzwa kwa muda mrefu na kwa makini ni uwanja wa michezo, tena katika mchezo usio na mashabiki wengi nchini Kenya, yaani besiboli ya Wamarekani.

Yeyote aliyesoma shule ya msingi humu nchini na kuwatazama wasichana wakicheza raunda tayari ana picha ya besiboli. Mrushaji hutupa mpira, mpigaji huungoja na gongo lake, na akiupiga vyema hukimbilia kituo cha kwanza. Akivizunguka vituo vyote hadi alikoanzia, timu yake hupata pointi. Tofauti na soka, ambako wachezaji 22 husukumana kwa pamoja, katika besiboli karibu kila tukio ni la mtu mmoja dhidi ya mwenzake, nalo huweza kuandikwa katika daftari. Henry Chadwick, mwanahabari mzawa wa Uingereza aliyefanya kazi New York katika karne ya 19, ndiye anayetajwa sana kuwa baba wa takwimu hizo, naye aliazima mengi kutoka kwa kriketi.

Kipimo kilichopata umaarufu kuliko vyote ni wastani wa mpigaji: mara alizopiga na kufaulu, zikigawanywa kwa majaribio yake. Mwenye 0.300, yaani mara tatu katika kila kumi, huhesabiwa hodari. Hata hivyo, kipimo hicho kina tundu. Mrushaji akitupa mipira minne mibaya, na mpigaji akawa na subira ya kutoigusa, hupewa kituo cha kwanza bila jasho. Kwa timu, mtu amefika kituoni, na hilo ndilo linalotakikana. Kwa wastani wake, hakuna lililotokea, kwani hakuongezewa wala kupunguziwa. Kwa zaidi ya miaka 100 wachezaji wenye subira walilipwa kidogo kuliko walivyostahili kwa sababu daftari halikuwa na safu ya kuiandika subira hiyo.

Aliyelisema jambo hili kwa sauti hadi likasikika hakuwa kocha wala profesa. Bill James alikuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha kupakia maharagwe huko Kansas, na mwaka 1977 alijichapishia kijitabu cha hesabu za besiboli. Alichapisha vingine mwaka baada ya mwaka, na wasomaji wakazidi kuongezeka. Mnamo 2002 timu ya Oakland Athletics, ikiwa na bajeti ya mishahara ya takriban dola milioni 40, ilishinda mechi 103 za msimu, idadi sawasawa na ya New York Yankees waliotumia takriban dola milioni 125. Oakland ilikuwa imewanunua kwa bei nafuu wachezaji waliojua kufika kituoni, ambao klabu nyingine ziliwadharau kwa sababu ya umbo au mtindo wao. Mwandishi Michael Lewis alisimulia kisa hicho mwaka 2003 katika kitabu Moneyball, na tangu hapo neno hilo limesikika hospitalini, katika benki na hata katika kampeni za siasa.

Jambo ambalo mashabiki wa kitabu hicho hupenda kulisahau ni kwamba Oakland iling'olewa katika raundi ya kwanza ya mchujo wa 2002, mechi tatu kwa mbili, na Minnesota. Hesabu nzuri hudhihirika katika mechi 162. Katika mechi tano, bahati ina mkono mrefu.

MIZANI ISIYOJUA UBORA

Subira ya mpigaji wa Oakland na uangalifu wa mchumaji wa Bomet zina hatima moja: zote mbili hazikuwa na safu katika daftari. Anayerudi shambani kila baada ya siku chache kuchuma chipukizi changa hupata kilo chache kwa saa kuliko anayengoja majani yakue. Mchango wake huonekana baadaye, chai inapofika mnadani Mombasa na kuonjwa. Mnada huo ulianza Nairobi mwaka 1956 na kuhamishiwa Mombasa mwaka 1969, na wanunuzi wake hulipa kwa rangi, ukali na uchangamfu wa chai katika kikombe. Lakini fedha zinaporudi kiwandani, hugawanywa kwa kilo. Ubora wa mmoja humnufaisha jirani yake mzembe, na uzembe wa jirani humpunguzia yeye. Si ajabu basi kwamba kwa miaka mingi maafisa wa viwanda wamehubiri majani mawili na chipukizi katika mikutano, huku mizani ikihubiri kinyume siku sita kwa wiki.

Katika mashamba makubwa swali hilo limekuja kwa sura kali zaidi. Mashine ya kuchuma huvuna kilo nyingi kwa siku kuliko kundi zima la watu, na ukitazama gharama ya kila kilo, mjadala umekwisha. Mnamo Mei 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto Kericho katika maandamano yaliyosababisha kifo. Waandamanaji walikuwa wakizungumzia safu nyingine ya daftari, ile ya ujira unaoingia vijijini, ambayo haimo katika hesabu ya kilo. Safu hizo mbili hupima vitu viwili tofauti, na hapo ndipo mazungumzo mengi kati ya kampuni na vyama vya wafanyakazi hukwama.

MLIMA UNAPOCHEZA PIA

Mwaka 1968 Naftali Temu aliiletea Kenya dhahabu ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Mexico kwa muda wa dakika 29 sekunde 27.4. Miaka minne kabla yake, Mmarekani Billy Mills alikuwa ameshinda mbio hizo hizo Tokyo kwa dakika 28 sekunde 24.4. Anayelinganisha nambari hizo bila kuuliza lolote atasema Temu alikuwa dhaifu kwa dakika nzima. Anayejua kwamba jiji la Mexico liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na pumzi huadimika, hatathubutu. Katika michezo hiyo hiyo, Wilson Kiprugut wa Kericho, ambaye mwaka 1964 alikuwa Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, alitwaa fedha ya mita 800, umbali ambao mwinuko haukuuadhibu kwa kiasi hicho.

Wachanganuzi wa besiboli wanalijua jambo hili vyema. Uwanja wa Denver uko mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na katika hewa yake nyepesi mpira hupaa mbali zaidi. Kila mpigaji wa timu ya nyumbani huonekana shujaa na kila mrushaji huonekana bure. Kwa hiyo nambari za mchezaji hurekebishwa kwanza kulingana na viwanja alivyochezea, ndipo alinganishwe na wengine.

Kericho iko juu kuliko Denver, na huko wanaochezewa na mwinuko ni mashina ya chai. Taasisi ya utafiti wa chai iliyoanzishwa Kericho mwaka 1951 kuhudumia Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1980 ikawa Wakfu wa Utafiti wa Chai wa Kenya na sasa iko chini ya shirika la KALRO, imekuwa kwa miongo mingi mahali pa kusaka vipaji. Tofauti ni kwamba wanaosakwa ni mimea. Kila mche uliotokana na mbegu ni tofauti na mwenzake, kama ndugu wa tumbo moja. Mtafiti hupita katika shamba kongwe la miche ya mbegu akitafuta shina lililotanda vizuri na lenye chipukizi nyingi. Akilipata hukata vipandikizi, huvikuza, kisha huvipanda kando ya aina inayojulikana ili vilinganishwe mwaka baada ya mwaka. Kutoka shina la kwanza hadi mche wa kumpa mkulima, zaidi ya muongo mmoja unaweza kupita. Hivyo ndivyo zilivyopatikana aina kama TRFK 6/8, inayosifika kwa ubora wa kikombe, na TRFK 31/8.

Aina nyingine iliyotokana na mashamba ya Kericho, AHP S15/10, iliweka rekodi ambayo wataalamu huitaja hadi leo: kilo 10,995 za chai iliyosindikwa kutoka hekta moja kwa mwaka mmoja. Mkulima akisikia nambari hiyo, jambo la kwanza analofanya ni kuuliza miche inauzwa wapi.

Jambo la pili, ambalo wachache hulifanya, ni kuuliza rekodi iliwekwa wapi. Watafiti walipoipanda aina hiyo pamoja na nyingine katika vituo vya mwinuko tofauti, Kericho kwenyewe, matokeo yalitofautiana sana. Kadiri shamba linavyopanda mlimani ndivyo baridi inavyochelewesha chipukizi, na si kila aina huchelewa kwa kiwango kimoja. Aina iliyoongoza bondeni haikuwa lazima iongoze juu. Majaribio yaliyolinganisha Timbilil, Kericho, na Kangaita katika Kaunti ya Kirinyaga yalionyesha jambo lilo hilo: cheo cha mche hubadilika ukibadilisha shamba. Rekodi ya S15/10 ni ya kweli, ila ni ya mche huo mahali hapo, chini ya matunzo hayo. Mkulima wa ekari moja anayeishi mita 300 juu zaidi hana sababu ya kuitarajia.

BONASI YA MASHARIKI NA MAGHARIBI

Hapa ndipo hesabu hizi zinapogusa mfuko. Kila mwaka, KTDA inapotangaza bonasi, wakulima wa Kericho na Bomet hulinganisha kiwango chao na cha wenzao wa Murang'a, Kirinyaga au Meru, na kwa kawaida wa magharibi mwa Bonde la Ufa huwa chini. Mwaka 2025 pengo hilo lilizua malalamiko makali. Viwanda ni mali ya wakulima wenyewe, ambao ni wenye hisa, kwa hiyo swali lao ni halali kabisa. Linalohitaji uangalifu ni nambari inayotumiwa kuliuliza.

Kiwango cha bonasi kwa kilo ni mfano wa wastani wa mpigaji. Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima wa kwanza huvuna kilo 3,000 kwa ekari na kulipwa bonasi ya Sh35. Wa pili huvuna kilo 4,500 na kulipwa Sh24. Bonasi ya wa kwanza ni Sh105,000 na ya wa pili Sh108,000. Tukisema malipo ya kila mwezi ni Sh20 kwa kilo kote, wa pili amepata Sh30,000 zaidi. Tukitoa Sh10 za kumlipa mchumaji kwa kila kilo, zile kilo 1,500 za ziada zimemgharimu Sh15,000. Mwishowe yeye, aliyeonekana kuonewa, yuko mbele kwa Sh18,000, kabla ya kuhesabu mbolea. Badili nambari mbili tatu na matokeo yatageuka. Kiwango cha bonasi peke yake hakiwezi kusema nani kati yao ana afadhali.

Hesabu hiyo haiondoi malalamiko. Inayapeleka mahali pake. Ili kupata kilo moja ya chai iliyosindikwa, kiwanda huhitaji takriban kilo nne na nusu za majani mabichi. Kutoka bei ya mnada huondolewa kuni au mafuta, umeme, mishahara, uchukuzi, ada za usimamizi na mikopo. Viwanda viwili vinaweza kuuza chai kwa bei moja na bado vikalipa bonasi tofauti, kwa sababu kimoja kina mkopo wa mitambo. Vingine viwili vinaweza kuwa na gharama sawa ila chai ya kimoja ikadharauliwa na wanunuzi. Katika hali ya kwanza, mwenye kujibu ni bodi ya wakurugenzi. Katika hali ya pili, dawa huanzia kwenye vidole vya mchumaji. Mkulima anayejitokeza katika mkutano wa mwaka akiwa na kiwango cha bonasi tu hawezi kutambua yuko katika hali ipi, na mkurugenzi hodari wa maneno atampitisha kati ya hizo mbili hadi jua litue. Anayeuliza bei ya wastani ya mnada, gharama ya kusindika kilo moja, na deni lililobaki, kwa miaka mitano mfululizo, ni mgumu zaidi kumpitisha.

Miaka mitano, kwa sababu mwaka mmoja hudanganya. Mnamo 1977 wanatakwimu Bradley Efron na Carl Morris walichukua wapigaji 18 wa besiboli waliokuwa na majaribio 45 kila mmoja mwanzoni mwa msimu wa 1970. Aliyeongoza, Roberto Clemente, alikuwa na 0.400, wa mwisho, Max Alvis, 0.156. Katika sehemu iliyosalia ya msimu Clemente alishuka hadi 0.346 na Alvis akapanda hadi 0.200. Clemente alibaki kuwa bora, ila si kwa kiasi kilichoonekana mwanzoni, kwa maana sehemu ya 0.400 yake ilikuwa ustadi na sehemu bahati, na bahati hairudi kwa kuitwa. Waliobobea katika kuchagua mashina ya chai hulijua hilo bila kusoma besiboli. Shina lililong'aa msimu mmoja huenda lilikuwa karibu na kichuguu cha mchwa au mahali ng'ombe walipolala.

Na viwandani? Kiwanda kikifanya vibaya mwaka mmoja, wakurugenzi hufukuzwa kwa kura. Mwaka unaofuata bonasi hupanda kidogo na wapya huimbiwa sifa. Huenda wanastahili. Huenda pia ni Max Alvis tu.

MVUA YA MAWE NA KURA

Kericho na Nandi Hills ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na dhoruba ya dakika chache inaweza kufyeka mavuno ya majuma kadhaa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kampuni za chai zililipia ndege zipande juu ya mashamba na kupuliza chembechembe za madini ya fedha katika mawingu ili mawe yasikue. Mradi uliendelea hadi miaka ya 1970. Je, ulifaulu? Waliouendesha walisema hasara ilipungua. Ugumu ni kwamba ulikuwa mradi wa kibiashara: lengo lilikuwa kuokoa majani, na hakuna kura iliyopigwa kuamua wingu lipi lishambuliwe na lipi liachwe. Wingu likipulizwa na mawe yasianguke, hakuna ajuaye kama yangeanguka.

Dawa ya ugumu huo ilibuniwa na Ronald Fisher, mwanatakwimu aliyeajiriwa mwaka 1919 katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, na kwa bahati mfano wake mashuhuri unahusu chai. Mwanamke mmoja alidai kuwa anaweza kutambua kwa ladha iwapo maziwa yalitiwa kikombeni kabla ya chai au baada yake. Katika kitabu chake cha 1935 Fisher alieleza jinsi ya kulijaribu dai hilo: vikombe vinane, vinne vya kila namna, vipangwe kwa kura. Anayebahatisha tu ana nafasi moja kati ya 70 ya kuvipata vyote. Bila kura, mwonjaji anaweza kusoma mpangilio badala ya kuonja chai.

Utaratibu huo wa vipande vya shamba vilivyogawanywa kwa kura ndio unaotumika katika majaribio ya Kericho, na hauhitaji maabara. Mkulima anayeshuku iwapo mbolea ya 26:5:5 inalipa gharama yake kwa kiwango anachotumia anaweza kugawanya shamba lake katika vipande kumi vinavyolingana, akaandika nambari kwenye vikaratasi, akavitia kofiani na kumwita mtoto avute vitano. Vilivyovutwa hupata kiwango kamili, vilivyobaki nusu yake. Majani ya pande hizo mbili hupimwa mbali mbali kila yanapochumwa, kabla ya kupelekwa kituoni, na kilo zikaandikwa katika daftari la shule lenye safu mbili. Vipande vyote viwe vimepogolewa mwaka mmoja, maana shina lililopogolewa karibuni hutoa kidogo lipate mbolea lisipate. Aendelee kwa miaka miwili, kiangazi na masika, na mvua ya mawe ikipiga, aandike tarehe.